Ingiza kazi zako mwenyewe, usingojee mashine ikutafutie

Wiki jana nilikaa na mwenzangu kwa ofisi yake hadi saa mbili usiku, mvua inanyesha, Thika Road imefunga kabisa kwa hivyo hata kukimbilia matatu hakungesaidia, na kazi tuliyokuwa tunafanya ni kumtafutia machapisho yake mwenyewe. Huyu mama amefundisha Kiswahili zaidi ya miaka ishirini. Ana makala, ana sura za vitabu, ana miongozo ya walimu. Aliomba kupandishwa cheo, akaambiwa kamati itaangalia profaili yake, yaani ule ukurasa wenye orodha ya machapisho yake, kwa mfumo wa chuo, kuifungua akapata vitu vinne tu. Vinne! Na kimoja si chake, ni cha mtu wa kemia mwenye jina karibu sawa na lake.

Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Sasa hizo zingine niliandikia nani?"

Hilo swali limeniuma wiki nzima, manake jibu lake si kwamba alikuwa mvivu. Hii mifumo ya profaili za watafiti kazi kubwa inayofanya ni kuvuta data kutoka kwingine, hifadhidata za mtandaoni za machapisho na watafiti kama Scopus, Crossref, ORCID na kadhalika. Makala ikiwa na doi, ile namba ya kuitambulisha mtandaoni inayoanza na 10, unaibandika tu na kichwa, waandishi, mwaka na jina la jarida vinajijaza vyenyewe, dakika moja umemaliza. Lakini makala yako ya Kiswahili iliyotoka kwa jarida la kuchapwa 2009, au ile sura iliyo kwa kitabu cha kongamano ambacho nakala zake ziko kwa kabati za watu, hiyo haina doi, haiko kwa hizo hifadhidata, na kwa mashine ni kama haikuandikwa. Kwa hivyo anayeumia zaidi ni yule aliyeandikia watu wa hapa kwa lugha ya hapa. Na ujue vile vigezo vya kupandisha walimu cheo ambavyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa 2014 vilihesabu machapisho kwa pointi, yaani kisichoonekana hakihesabiwi. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndio maana mimi nasema ukikaa kujaza profaili anza na zile ngumu. Watu wengi wanaanza na zile rahisi za doi, wakishaingiza kumi wanachoka, wanafunga kompyuta, na zile za Kiswahili zinabaki nje miaka mingine mitano. Geuza. Zile zenye doi hata mwaka ujao zitakungoja, hizi zingine hakuna mtu mwingine duniani atakuja kukuingizia. Chagua kuingiza kwa mkono, chagua aina sawasawa (sura ya kitabu isiwekwe kama makala ya jarida, kamati zinaangalia hiyo), andika toleo, kurasa, ISSN (namba ya jarida) kama iko, mchapishaji na mji. Na palipo na lugha weka Kiswahili! Halafu tafadhali usibadilishe kichwa kiwe cha Kiingereza ati ndio kisomeke. Kichwa ni kile kilichochapwa. Kama mfumo una nafasi ya tafsiri ya kichwa weka tafsiri hapo, lakini cha kwanza kibaki chake, kwa sababu mwanafunzi atakayetafuta "fani" au "isimujamii" atatafuta kwa maneno hayo hayo.

Sasa majina. Hapa ndio tulipoteza masaa mawili. Mwenzangu jina la kwao lina ng', na hiyo alama ya juu kila mhariri ameiandika venye alitaka, mara iko, mara haiko, mara ni alama nyingine tofauti kabisa inayofanana nayo. Kina Ng'ang'a mnajua hii shida. Halafu aliolewa akaongeza jina la mume, halafu kuna mahali walimwandika kwa herufi za mwanzo tu. Mtu mmoja, waandishi watano. Dawa ya hii ni ORCID, kitambulisho cha watafiti cha mtandaoni, iko tangu 2012, ni bure, unapewa namba yenye tarakimu 16 inayokufuata hata ukihama chuo au ukibadilisha jina, na ndani yake kuna pahali pa kuandika majina yako mengine yote. Kitu kimoja watu wanasahau, weka na barua pepe yako ya binafsi, si ya chuo peke yake, manake siku ukihama ile ya chuo itafungwa na utashindwa kuingia.

Na usikubali kila kitu mfumo unakupendekezea. Ile ya kemia tuliikataa. Kwa Google Scholar pia kuna mahali pa kuchagua kama makala ziongezwe zenyewe ama utumiwe kwanza kwa barua pepe uzipitie, chagua kupitia. Kazi ikijitokeza mara mbili ziunganishe, usiache zote ndio zionekane nyingi, hiyo ni kujiharibia jina.

Kuhusu kuweka PDF ya makala yenyewe kwa mfumo, soma masharti ya mchapishaji kwanza. Mara nyingi nakala yako ya mwisho iliyokubaliwa inaruhusiwa, pengine baada ya miezi kadhaa, lakini ile iliyopangwa na jarida hairuhusiwi. Ukikwama muulize mkutubi, hiyo ni kazi anayoijua.

Vyuo navyo viache kukumbuka profaili wakati wa tathmini pekee. Mtu anayeenda idara za lugha na skana, akakaa na walimu wiki moja, angeokoa kazi nyingi sana kabla hawa wazee wetu hawajastaafu na makaratasi yao yaende nyumbani yakaliwe na mchwa.

Ile usiku tulitoka na kazi kumi na moja kwa mfumo, zote za Kiswahili, na bado kuna sanduku moja chini ya meza yake hatujafungua. Jumamosi narudi na skana.