SGR ya nani kali? Mimi nauliza zinakutana wapi

Nimechoka na vita vya mtandaoni kati ya Wakenya na sisi Watanzania kuhusu SGR, reli mpya ya kisasa ya kila nchi. Mtanzania anatupia picha ya Mchongoko, treni yetu, ukiingia Dodoma kwa umeme, Mkenya anajibu kwamba treni yao, Madaraka Express, ilianza Mei 2017, wakati sisi ndiyo kwanza tumeweka jiwe la msingi. Haya. Zinakutana wapi?

Hazikutani popote! Upana kati ya reli na reli ni ule ule, milimita 1,435, lakini yao ilifika Naivasha mwaka 2019 ikatulia, na yetu imeelekezwa Mwanza na Kigoma.

Wazee wetu walikuwa na mtandao mmoja. Njia ya Voi hadi Kahe Waingereza waliianza kwa ajili ya vita na Mjerumani, ikaja kuunganisha reli ya Tanga na ya Mombasa. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawekwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, pamoja na bandari na meli za ziwani. Mwaka 1963 kikaja kipande cha Ruvu hadi Mruazi, Reli ya Kati, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ikashikana na ya Tanga. Fikiria hilo: behewa lingeweza kutoka Kigoma, likapita Korogwe, Kahe, Voi na Nairobi, likafika Kampala bila gunia hata moja kushushwa. Tulikuwa nacho hicho, ndugu zangu, na tukakivunja wenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, mpaka ukafungwa, kila nchi ikabaki na shirika lake na vipande vyake. Leo hakuna treni inayovuka Taveta.

Sawa, shirika lile lilikuwa na upendeleo. Makao makuu Nairobi, karakana kubwa Nairobi. Watanzania walikuwa na haki ya kulalamika. Dawa ilikuwa kugawana karakana, si kukata reli.

Na reli zisipooana mnaona matokeo: TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina upana wake, milimita 1,067, tofauti na Reli ya Kati ya zamani, ndiyo maana Kidatu, zinapokutana, ikabidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo.

Sasa kuna mpango wa SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Mawaziri wa nchi mbili wakae kabla tuta halijajengwa, waamue kiungo cha kwenda Voi kitapita wapi, kichwa chetu cha umeme kitampokeaje mwenzake wa dizeli wa Kenya, na behewa likivuka mpaka nani anamlipa nani.