Kosa Ambalo Halimo Kwenye Hesabu

Mwaka 2022 timu ya CDF, iliyotumia Tevatron, mashine ya kugonganisha chembe karibu na Chicago, ilitangaza tungamo la bosoni W, chembe inayobeba nguvu dhaifu ya nyuklia: MeV 80,433.5 (MeV ni kizio ambacho wanafizikia hupimia tungamo la chembe), kosa likiwa 9.4 juu au chini. Nadharia inatabiri kama 80,357. Mwaka 2024 timu ya CMS ya CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, ikatoa yake: 80,360.2, kosa 9.9. Haiwezekani namba zote mbili ziwe sahihi.

Kwa hiyo anayeuliza tuviamini vipi vipimo hivi ana haki ya kujibiwa. Tevatron ilizimwa mwaka 2011. Data zipo, lakini mashine ya kurudia jaribio haipo. Wala si W peke yake yenye vipimo vinavyogongana. Nyutroni, chembe ya kiini cha atomi, ikiwa huru na kupimwa imefungiwa ndani ya chombo huishi wastani wa sekunde 878 hivi; ikipimwa kwenye mwali wa nyutroni zinazopita, kama 888.

Lakini wanaosema namba zinapikwa siwaungi mkono kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA waliona nyutrino, chembe nyepesi mno, zilizotoka CERN zikifika Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Walitafuta kasoro kwa miezi wasiione, wakaweka matokeo hadharani ili wenzao wayachunguze, huku wao wenyewe wakiendelea kukagua vifaa. Wakaikuta: kebo ya faiba haikuwa imekazwa sawasawa. Mpishi wa namba hajianiki hivyo. Na kule Fermilab, maabara ilikokuwa Tevatron, waliopima usumaku wa muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, walifichwa kasi halisi ya saa yao hadi uchambuzi ulipokamilika, wasije wakavutwa na jibu walilolitamani.

Shaka yangu iko kwingine. Ile "juu au chini" hubeba makosa ambayo timu iliwaza kuyatafuta. Kebo iliyolegea haikuwamo. Ndiyo maana kipimo kimoja, hata kiwe makini vipi, kwangu ni ushahidi wa shahidi mmoja. Chembe ya Higgs naikubali kwa sababu mwaka 2012 ATLAS na CMS, vigunduzi viwili tofauti, viliiona karibu na GeV 125 (GeV moja ni MeV 1,000). W ya CDF bado siipokei, kwani vipimo vingine haviafikiani nayo. Ila hata mimi siwezi kuonyesha walipokosea, na hadi leo hakuna aliyepaonyesha. Hapo ndipo ningependa nguvu zielekezwe, data za zamani zifunguliwe upya, hatua kwa hatua.