Kodi ya mwanafunzi: tofauti kubwa imo ndani ya mkataba

Mwanafunzi anayetafuta chumba karibu na chuo huanza kwa kupima mambo mawili, kodi na umbali, na mara nyingi huishia hapo. Hesabu hiyo ina maana yake, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya masomo ni sehemu ya kodi hata kama mwenye nyumba haipokei. Hata hivyo, tofauti kubwa zaidi ya gharama naiona ndani ya mkataba, ambao wengi huusoma wakiwa wameshashika kalamu.

Tuanze na muda. Mwaka wa masomo katika vyuo vingi huchukua takriban miezi 9, ilhali mikataba mingi ya nyumba za watu binafsi ni ya miezi 12. Anayelipia miezi 12 na kukaa 9 hulipa, kwa kila mwezi anaokaa, theluthi moja zaidi ya kodi iliyotangazwa. Kwa hiyo chumba cha mkataba wa miezi 9 kinachozidi cha jirani cha miezi 12 kwa asilimia 25 kwa mwezi bado ni nafuu: jumla yake ni sawa na kodi ya miezi 11 na robo ya kile cha jirani. Anayebaki kufanya kazi wakati wa likizo hesabu hii haimhusu, na kwake mkataba wa mwaka mzima unaweza kuwa ndio unaofaa.

Mwenye nyumba naye ana hoja, na si haki kumwita mnyonyaji kila kodi inapotajwa. Nyumba iliyo jirani na chuo ina msimu; ikikosa wapangaji mwaka wa masomo unapoanza, huenda ikakaa tupu kwa miezi, huku marejesho ya mkopo aliojengea yakiendelea kudaiwa. Mpangaji wake ni kijana asiye na mshahara, ambaye hajawahi kupanga popote na huenda akahama baada ya mwaka mmoja. Mkataba wa miezi 12, amana (fedha anazoshikilia kufidia uharibifu au deni) na mdhamini ni kinga zake. Tatizo huja zinaporundikwa zote kwa pamoja, kwa kuwa mwanafunzi ambaye kwao hakuna mtu mwenye mshahara wa kudumu hukosa chumba hata kama fedha za kodi anazo mkononi. Hapo kinachopimwa ni uwezo wa ukoo wake, wala si uwezo wake wa kulipa.

Suala zito zaidi ni nyumba ya pamoja. Wanafunzi wanne wakipanga nyumba nzima, kwa kawaida kila mmoja hulipa kidogo kuliko angepanga peke yake, kwa sababu jiko, bafu na sebule ni vya wote. Lakini ikiwa wametia saini mkataba mmoja unaowafanya wawajibike wote kwa pamoja na kila mmoja peke yake, mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yao deni lote. Mmoja akiacha masomo katikati ya mwaka na kutoweka, watatu waliobaki hugawana robo yake, na kodi ya kila mmoja hupanda kwa theluthi. Mzazi aliyemdhamini mwanawe naye anaweza kujikuta anadaiwa deni la mtoto wa mwingine, kama hati ya udhamini haikuweka kikomo. Mkataba wa chumba kimoja kimoja huondoa hatari hiyo, ila mara nyingi kodi yake ni ya juu zaidi, na chumba kikibaki wazi mwenye nyumba humweka amtakaye bila kuwauliza waliomo. Kwa maoni yangu, mkataba wa pamoja unafaa kwa watu ambao tayari wamewahi kukopeshana fedha na zikarudi; anayekwenda kuishi na wasiomfahamu ni afadhali alipe hiyo ziada.

Kuhusu amana, baadhi ya sheria zimejaribu kuweka mizani. Uingereza, kwa eneo la England na Wales, tangu 2007 inawataka wenye nyumba kuiweka amana ya upangaji wa kawaida katika mfumo ulioidhinishwa wa kuilinda, na Ujerumani imeweka kikomo cha kodi ya miezi 3 bila gharama za huduma. Pasipo kinga kama hizo, ushahidi ni juu ya mpangaji: siku ya kupokea funguo apige picha doa la unyevu nyuma ya kabati, bomba linalovuja na kitasa kilicholegea, kisha amtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Amana yenyewe isitolewe kabla chumba hakijaonwa, na mpangaji mwenyewe au na mtu anayemwamini, kwa maana matangazo ya vyumba visivyokuwapo ni mengi.

Kipo kifungu kimoja ambacho pande zote mbili zinaweza kukikubali bila hasara kubwa: ruhusa ya anayeondoka mapema kuleta mpangaji mbadala atakayeridhiwa na mwenye nyumba. Kodi haikatiki, na mwanafunzi halipii chumba asichokaa. Kinapaswa kuombwa kabla ya saini, kwa kuwa baada ya hapo mwenye nyumba hana tena sababu ya kukikubali.