Glasi imepauka? Usikimbilie kuongeza sabuni

Mtu akitoa glasi kwenye mashine ya kuosha vyombo akaikuta ina ukungu, kitu cha kwanza anachofanya ni kuongeza sabuni. Ukungu usipotoka, anabadilisha sabuni. Ukigoma kabisa, lawama zinahamia kwenye mashine. Msimamo wangu ni huu: kwenye maeneo ya maji magumu, upungufu wa sabuni ndio wa mwisho kushukiwa, na anayeongeza dozi bila kujua glasi inaumwa nini anaweza kuiharibu moja kwa moja.

Glasi hupauka kwa sababu mbili, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Sababu ya kwanza ni chokaa. Maji magumu yamebeba kalsiamu na magnesiamu; kwa vipimo vinavyotumika sana, yakizidi miligramu 120 za kalsiamu kaboneti kwa lita huitwa magumu, na yakipita 180 ni magumu sana. Yakipata moto, sehemu ya madini hayo haibaki tena kwenye maji, inaganda juu ya chochote kilicho karibu, ndiyo maana ndani ya birika huota gamba jeupe. Na hata pasipo moto mkali, tone likikaukia kwenye glasi, maji yanakwenda zake na chokaa inabaki palepale, duara kwa duara.

Sababu ya pili ni glasi kuliwa. Hapa hakuna kilichoganda juu yake, ni uso wenyewe umemeguka. Sabuni ya mashine ina alkali kali, na alkali hiyo pamoja na joto kubwa humong'onyoa uso wa glasi kidogo kidogo kila inapooshwa. Mwanzoni utaona rangi za upinde wa mvua ukiigeuza kwenye mwanga, baadaye inakuwa na weupe usiofutika. Maji laini kupita kiasi huchochea hali hiyo, kwa sababu sabuni haikuti kalsiamu ya kupambana nayo, basi inahamia kwenye glasi. Sasa fikiria mtu mwenye glasi za namna hii anayeamua kuongeza kidonge cha pili cha sabuni na kupandisha joto.

Kuzitofautisha ni rahisi, na sielewi kwa nini hatua hii inarukwa. Chukua glasi iliyopauka zaidi, isimamishe kwenye bakuli lenye siki nyeupe ifike nusu ya kimo chake, uiache dakika kumi hivi. Kama chokaa ni nene utaona viputo vidogo vikipanda pembeni. Itoe, isuuze, halafu ikaushe vizuri kwa kitambaa. Usiikague ikiwa imelowa, kwa maana maji huficha ukungu wa aina zote mbili na utadhani umepona. Ikishakauka, inyanyue dirishani. Kama nusu ya chini inang'aa na ya juu bado ina ukungu, kukiwa na mstari kabisa katikati, una kesi ya chokaa. Kama haina tofauti, hiyo imeliwa na hakuna siki wala ndimu itakayoirudisha.

Tuseme ni chokaa. Basi habari yako ni chumvi, na hapa ndipo ninapogombana na vidonge vinavyojinadi kuwa vina kila kitu ndani. Mashine yenye kilainisha maji ina tangi lake la chumvi chini, karibu na chujio. Pembeni ya tangi hilo kuna shanga ndogondogo zilizoshikilia sodiamu. Maji magumu yakipita, shanga zinaachia sodiamu na kudaka kalsiamu na magnesiamu. Zikijaa, mashine inazipitishia maji ya chumvi kali, zinatema madini yote kwenye bomba la maji machafu na kuanza upya. Kazi ya chumvi inaishia hapo, kwenye vyombo haina shughuli. Kwa hiyo kidonge kinachoyeyuka katikati ya kuosha hakiwezi kuzihudumia shanga hizo hata kidogo. Kinachoweza ni kuzuia chokaa ndani ya maji ya kuoshea, ambayo baadaye yanamwagwa. Maji yanayokaukia kwenye glasi ni ya msuuzo wa mwisho, na hayo yanaingia mapya kutoka bombani. Maji yako yakiwa magumu sana, jaza chumvi hata kama boksi la vidonge linasema usijisumbue.

Iwe chumvi ya mashine, ile ya chenga kubwa. Ya mezani mara nyingi imetiwa madini joto na vitu vya kuizuia isigandamane, na punje zake laini huweza kuziba mfumo. Jaza muda mfupi kabla ya kuwasha mashine, ili zilizomwagika zisikae kwenye chuma na kuleta kutu. Kaza kifuniko. Kikivuja, glasi zitatoka na ukungu unaofutika kwa maji matupu. Ukitia shaka, zilambe, utajua. Halafu weka mpangilio wa ugumu unaolingana na maji yako, maana mashine nyingi hazijipimii. Mamlaka ya maji inaweza kukutajia kiwango, au tumia karatasi za kupimia. Kujaza chumvi huku mpangilio uko chini ni kazi bure.

Mashine nyingi zinazouzwa Marekani hazina kilainisha maji ndani. Mwenye hiyo atategemea sabuni nzuri na dawa ya kusuuzia, au afunge kilainisha maji cha nyumba nzima.

Watu wazima watakwambia zamani hapakuwa na shida hizi, na hawakosei. Sabuni za zamani zilikuwa na fosfeti, iliyoidhibiti kalsiamu barabara. Lakini fosfeti ikifika ziwani inarutubisha mwani, mwani ukioza hewa ya oksijeni inapungua majini, samaki wanakufa. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliibana mwaka 2010, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa sabuni za mashine mwaka 2017. Naunga mkono. Ila watengenezaji wangetuambia waziwazi kwamba sabuni mpya haisamehe uzembe kama ile ya awali.

Dawa ya kusuuzia usiidharau. Inafanya maji yatandae na kuteremka badala ya kubaki matone. Ukiona matone mengi, ongeza kipimo. Ukiona michirizi ya buluu, punguza. Kuna wanaojaza siki kwenye tundu lake ili kubana matumizi, nami siwaungi mkono, kwa sababu siki ikitumika hivyo kila siku huchosha mipira ya mashine. Kwa usafi wa mara mojamoja, endesha mashine tupu kwa asidi ya sitriki. Na siki au asidi yoyote isikutane na dawa ya klorini, gesi inayotoka ni hatari.

Kama jaribio lilionyesha glasi zinaliwa, geuza kila kitu: punguza sabuni, shusha joto hadi nyuzi 45 au 50, angalia kama kilainisha maji hakikupandishwa kupita ugumu halisi, na fungua mlango mashine ikimaliza ili mvuke utoke. Zilizokwisha kupauka zitabaki hivyo. Kristali na zile zenye nakshi ya dhahabu, osha kwa mkono tu.