Nimeusoma Ujumbe Wako, na Sijajibu

"Niliona tiki zimegeuka bluu, nikajua tumeelewana." Ndivyo alivyoniambia bosi wangu juzi, mbele ya wenzangu, kuhusu kazi ambayo sikuikubali, sikuikataa, wala sikuulizwa kama nina nafasi nayo. Ujumbe wake wa WhatsApp ulikuja usiku, nikaufungua nusu usingizini, tiki zikageuka bluu kumwonyesha nimeusoma, nikageukia ukutani. Kumbe kwa kufungua tu nilikuwa nimeshatia saini.

Hasira niliyonayo si ya bosi peke yake. Yeye kapewa tundu la kuchungulia, kachungulia. Na wewe unayesoma hapa umechungulia mara ngapi? Umemwona mtu yuko hewani, tiki za bluu zimetulia, "anaandika…" imetokea ikapotea, na moyo wako umeanza kutunga riwaya nzima: kanichoka, kanidharau, yuko na nani saa hizi?

Ya kulalamikia mtandaoni ni mengi. Uzushi, matapeli, watoto wasiolala, picha za ajali zinazozungushwa kabla wenye msiba hawajaambiwa. Hayo yana watetezi wake na semina zake. Mimi leo nina hili moja ambalo watu hulicheka kama kero ya wenye nafasi: tumenyang'anywa kimya.

Na si zamani sana tulikuwa nacho. Ujumbe wa kwanza wa simu ulitumwa tarehe 3 Desemba 1992, salamu ya Krismasi, na kwa miaka mingi baada ya hapo aliyetuma alikaa akisubiri bila kujua kitu. Labda simu imezima. Labda mwenzake ameuona na anatafakari. Wenye simu za BlackBerry waliionja dawa mapema, na ile herufi R iliyotokea ujumbe ukisomwa (wakongwe mnaikumbuka, na uchumba uliovunjika kwa ajili yake mnaukumbuka pia). Lakini hayo yalikuwa ya wachache. Novemba 2014 WhatsApp wakaleta tiki za bluu, na hukumu ikatufikia wote.

Kule kutojua ndiko kulikokuwa ustaarabu wenyewe. Mtu akibisha hodi asijibiwe, huondoka. Hajui kama mwenye nyumba ametoka, amelala, analia, au amenyamaza makusudi kwa kuwa leo hana hamu ya mtu. Na kwa sababu hajui, kesho wanakutana, wanacheka, hakuna aliyevunjiwa heshima. Tiki za bluu zimeutoboa mlango ule. Sasa mgeni anakuona umekaa kitini, unamtazama, hufungui. Utamweleza nini? Kwamba umechoka? Uchovu si kosa, ila ukishuhudiwa unageuka dharau.

Kwa hiyo tunajibu. Tunaandika "sawa" kwa jambo tusiloliafiki. Tunatuma kidole gumba kwa swali lililotaka siku mbili za kufikiri. Aliyefiwa anapata "pole sana" iliyoandikwa mtu akitembea, kwa sababu kuchelewa kungeonekana na maneno ya haraka hayaonekani. Kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaosoma ujumbe kwa kuuibia kwenye arifa wasije wakaufungua. Mtu anajificha asionwe na simu aliyoinunua mwenyewe. Rafiki yangu mmoja huzima data kwanza, akasoma, akafunga. Anajua fika kwamba akirudi hewani tiki zitageuka. Anasema angalau amesoma kwa amani.

"Si uzizime?" Naam, naijua hiyo. Zinazimika. Lakini tazama sharti lake: ukizima zako, na wewe huoni za wenzako. Aliyebuni hilo anawajua binadamu. Wengi wetu tunapenda kuchungulia kuliko tunavyoogopa kuchunguliwa, basi tunaziacha. Na ukithubutu, unaulizwa: "Kwani unaficha nini?" Nimeulizwa hivyo na mtu ninayempenda, na mpaka leo sina jibu zaidi ya hili: nakuficha ile nusu saa ninayoitumia kutafuta neno lisilokuumiza.

Haya, tuzipe haki yake. Mtu wako akiwa safarini usiku, tiki mbili za bluu ndizo zinazokuletea usingizi. Mzazi aliye mbali akisoma salamu yako, unajua yu mzima. Kwa hilo sina ubishi. Nauliza tu ni mara ngapi zinatumika hivyo, na mara ngapi zinatumika kama alivyozitumia bosi wangu.

Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa takribani saa sita? Watu walihangaika, na wenye biashara waliumia, sikatai. Mimi nakumbuka utulivu. Hakuna aliyekuwa na deni la kujibu, na kesho yake hakuna aliyetakiwa maelezo.

Kwa upande wa kazi, angalau kuna nchi zimezinduka. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Ureno, mwaka 2021, ikamgeukia mwajiri mwenyewe: yeye ndiye aache kuwatafuta watu wakati wa mapumziko yao. Ninayoipenda mimi ni sheria ya Australia, iliyoanza Agosti 2024. Inasema mfanyakazi anaweza kukataa kufuatilia, kusoma au kujibu mawasiliano ya nje ya saa za kazi, mradi kukataa kwake kuwe na sababu ya maana. Kusoma! Aliyelitia neno hilo kwenye sheria sijui ni nani, ila nahisi naye aliwahi kusemwa mbele ya wenzake.

Tatizo ni kwamba sheria ya kazi haifiki kwenye magrupu. Huko, hata ukizima tiki zako, hazizimiki. Aliyetuma anaangalia nani kasoma, jina kwa jina. Na magrupu hayafi. Sherehe imekwisha zamani, kamati imevunjwa, grupu bado linaamka kila alfajiri na maua na mawaidha. Mwaka 2022 WhatsApp wakaruhusu mtu kutoka kimyakimya, tangazo likabaki kwa maadmini tu. Nikashukuru, nikatoka kwenye grupu moja lililonichosha. Nilichokuwa sijui ni kwamba waliobaki wanaweza kufungua orodha ya waliotoka ndani ya siku 60 zilizopita. Kuna mtu akaifungua, akaniandikia usiku huohuo kuuliza nani ameniudhi. Hakuna aliyeniudhi. Nilitaka kuondoka tu.