Utrasaundi moja ya mapema au picha tatu za mwisho?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe utrasaundi mara moja kabla mimba haijatimia wiki 24. Mara moja, na mapema. Kwetu Unguja na Pemba mara nyingi mambo huenda kinyume: mwanamke anaificha mimba yake miezi minne, mitano, kwa haya au kwa kuogopa husda, kisha mwezi wa saba na wa nane ndipo anapoanza kupanga foleni ya picha, tena si ya mara moja. Ukimuuliza anafuata nini, jibu la kwanza ni kujua kama mwanamme au mwanamke. La pili ni kujua kama mtoto amekaa vizuri.

Si maswali mabaya hayo. La pili lina uzito wake, kwani mtoto aliyetanguliza matako wiki ya 36 anabadilisha mpango mzima wa kujifungua. Lakini jambo kubwa kuliko yote ambalo kipimo hiki kinaweza kumpa mama ni tarehe ya kujifungua, na hilo lina muda wake. Muda ukipita, limepita.

Watoto wa wiki 10 au 12 tumboni karibu wote wana kimo kimoja, awe mjukuu wa mvuvi wa Kojani au wa tajiri wa Mazizini. Anayepima huchukua urefu kutoka utosini hadi makalioni akapata umri wa mimba kwa tofauti isiyozidi wiki moja hivi. Kadiri miezi inavyosonga, kila mtoto anafuata mwili wake na asili ya wazazi wake, na kipimo cha miezi mitatu ya mwisho kinaweza kukosea hadi wiki tatu, mbele au nyuma. Ndiyo maana huwa inatokea kadi moja ya kliniki ikawa na tarehe tatu za kujifungua, kila moja na wino wake, na mwenye kadi hajui ashike ipi. Ashike ya mwanzo. Picha za baadaye zinaeleza mtoto anakuaje, hazina kazi ya kuhamisha tarehe.

Watu wazima wanayo hesabu yao: miezi tisa na siku tisa, na miezi yenyewe ni ya mwandamo. Mwanamke anasema, "Bibi, siku zangu zilikatika mfunguo sita, baada ya Maulidi," na bibi anaanzia hapo. Hesabu hii haifai kudharauliwa. Miezi tisa ya mwandamo ni kama siku 266, na hizo hasa ndizo siku ambazo mimba huchukua tangu kutunga. Kasoro iko pa kuanzia. Kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kuhesabu siku 280, yaani wiki 40. Bibi ameanzia pale hedhi ilipotarajiwa isije, wiki nne baadaye, kisha akaongeza siku zake tisa. Ukihesabu kwa mtindo wa kliniki, bibi anafika siku 303, zaidi ya wiki 43. Mama akisubiri kwa hesabu hiyo atakaa nyumbani akijiona bado, kumbe mimba imeshapita muda wake na kondo la nyuma linachoka kumlisha mtoto.

Na wapo wasio na pa kuanzia kabisa: aliyeshika mimba bado ananyonyesha, kabla hajaona siku zake, na aliyekuwa kwenye sindano za uzazi wa mpango hedhi ikawa inakuja inapotaka. Kwa hawa, muuguzi na bibi wote wanakisia. Uchungu ukimshika mmoja wao kabla ya wakati, daktari anatakiwa aamue kama mimba ni ya wiki 30 au 36, kwa sababu sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto hutolewa takriban kati ya wiki 24 na 34. Uamuzi huo unasimama juu ya picha iliyopigwa miezi minne nyuma, kama ilipigwa.

Pemba yenyewe imechangia elimu hii. Kisiwa kimo katika utafiti uitwao AMANHI, pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, ambamo wajawazito walipimwa mapema kwa utrasaundi ili umri wa mimba zao ujulikane kwa uhakika.

Sasa tuwasikilize wanaotia shaka, maana hoja yao si nyepesi. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa vijijini katika nchi tano: Kongo ya Kinshasa, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Baadhi ya maeneo yalipewa utrasaundi ya kawaida kwa kila mjamzito, mengine yakaendelea kama zamani. Mwishoni vifo vya mama na watoto havikupungua kwa sababu ya mashine, wala wanawake hawakuongezeka kliniki au hospitali wakati wa kujifungua. Kwa mtu anayegawa bajeti ya afya, hilo ni pigo.

Ukitaka la kulinganisha, liko Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Mradi wa PartoMa uliwaandikia wakunga na madaktari wa wadi ya wazazi kijitabu cha kutia mfukoni, kinachoeleza namna ya kumwangalia mama aliye kwenye uchungu kwa watumishi na vifaa vilivyopo pale pale. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Hakukununuliwa mashine mpya ya kupigia picha.

Mimi sioni kwamba matokeo haya yanaiangusha utrasaundi. Yanaonyesha kuwa picha ni habari, na habari bila njia ya kuifanyia kazi haimwokoi mtu. Chukua kondo lililokaa chini likaziba njia ya mtoto. Likionekana wiki ya 20 si la kutia hofu, kwa sababu kwa wengi hupanda lenyewe kizazi kinavyotanuka. Mama hurudi kupimwa wiki ya 32 hivi. Likiwa bado limeziba, huyo hazai kwa njia ya kawaida, atapasuliwa, na akianza kutoka damu hana muda wa kusubiri. Mama wa Kisiwa Panza anayejua hili mapema anaweza kuhamia kwa jamaa zake Mkoani, karibu na Hospitali ya Abdalla Mzee, mwezi kabla. Lakini kama mume yuko dago, kambi ya wavuvi, nauli haipo na hakuna aliyekaa naye kumweleza, karatasi ile itabaki ndani ya mkoba wake na usiku wa damu utamkuta ng'ambo ya maji.

Kuna hatari nyengine inayosemwa kidogo: picha nzuri kumlevya mtu. "Nimepiga, mtoto mzima," basi kliniki haendi tena. Utrasaundi haioni upungufu wa damu. Haipimi presha wala protini kwenye mkojo, na hivyo ndivyo kifafa cha mimba kinavyobainika. Mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi, ina kazi ambayo skrini haiwezi.

Kwenye chumba chenyewe hakuna la kutisha. Kwa picha ya mapema utaambiwa unywe maji na usiende haja ndogo, kibofu kikijaa kizazi kinaonekana vizuri. Miezi ya mbele haihitajiki. Unafunua tumbo tu, unapakwa mafuta mazito ya baridi, na kifaa kinateleza juu ya ngozi. Pengine wiki za mwanzo sana kipimo hupitishwa ukeni, na hapo una haki ya kuelezwa kabla, kukubali au kukataa, na kuomba awepo mwanamke mwenzio. Sitara si upuuzi wa kuchekwa na mtu wa koti jeupe. Wapo wasiorudi kwa sababu hiyo peke yake. Anayepima akinyamaza huku akibonyeza vitufe, usikate tamaa, anapima kichwa, tumbo na paja. Na ile habari kwamba "mionzi itamdhuru mtoto" haina msingi: hii ni sauti ya juu isiyosikika, si eksirei. Tahadhari inayobaki ni kutorefusha kipimo bila sababu, hasa wiki za mwanzo, maana sauti hiyo huweza kupasha mwili joto kidogo. Kupiga kila mwezi kwa ajili ya kupata sura ya mtoto ni starehe, na starehe ina bei yake. Usitoke bila mambo manne kuandikwa kwenye kadi: wiki za mimba, idadi ya watoto, kondo liko wapi, na tarehe.

Kwa hiyo, kama ni kuchagua, naiweka picha moja kabla ya wiki 24 mbele ya zote zinazofuata, isipokuwa zile anazoagiza daktari kwa sababu maalumu. Tatizo ni kwamba mashine zaidi hazitaleta picha hiyo. Ile miezi minne ya kujificha iko nyumbani, na anayeijua mimba mwanzo kabisa ni mama mkwe, wifi au somo wake. Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar, tayari hupita majumbani na simu zao wakiandikisha wajawazito, na wengi wao ni majirani wanaoingia hadi uani. Wakinong'onezwa mwezi wa tatu, mama anafika kwenye kipimo wakati tarehe bado inapatikana. Wakisubiri hadi tumbo lionekane kwenye buibui, mashine mpya itafupisha foleni ya mwezi wa nane tu.