Mtaa, shule na kosa la kudhibiti kipato

Je, mtaa maskini humkatisha mtoto masomo, au familia ambazo watoto wao wangeyakatisha popote ndizo zinazoishia huko? Wanaoshuku athari ya mtaa hutegemea jaribio la Moving to Opportunity lililoanza mwaka 1994 katika miji mitano ya Marekani. Familia zipatazo 4,600 zilipigiwa kura ya bahati nasibu ya vocha za kodi ya nyumba ili zihame, na alama za watoto shuleni hazikupanda kiasi cha kuonekana.

Hoja hiyo ina nguvu, maana kura huondoa shaka kwamba wanaohama ni watu wa aina yao. Lakini chini ya nusu ya waliopata vocha ya mitaa yenye umaskini wa chini ya asilimia 10 ndio waliohama, na sharti lilikuwa kukaa mwaka mmoja tu. Linalopimwa hapo ni kupewa nafasi ya kuhama. Kukulia mahali ni jambo jingine.

Ukitaka kupima miaka ya kukulia, regresheni ya kawaida (hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyoambatana na mengine) inakuangusha kwenye kipato cha mzazi. Kipato cha mwaka huu huamua mtaa wa mwaka ujao, na chenyewe kimetokana na mtaa wa mwaka jana, kwa kuwa mtaa huamua kazi zilizo karibu. Ukikidhibiti, yaani ukilinganisha tu familia zenye kipato sawa, unafuta sehemu ya athari unayoitafuta. Ukikiacha, unabaki uteuzi wa familia, yaani tofauti zilizozifikisha familia huko tangu mwanzo.

Njia ya uzito hukwepa mtego huu. Kila mwaka unakadiria uwezekano wa mtoto kuishi mtaa wa aina aliyoishi, kwa kuzingatia historia ya familia hadi hapo. Kinyume cha uwezekano huo (1 ukigawa kwa huo) ndicho uzito: aliyeishi mtaa usiotarajiwa kwa historia yake huhesabiwa zaidi, hivyo historia hiyo haiamui tena mtaa, na kipato hakihitaji kudhibitiwa. Unazidisha wa miaka yote, kisha unalinganisha viwango vya kuhitimu. Wanasosholojia Wodtke, Harding na Elwert walifanya hivyo mwaka 2011: kwa watoto weusi wa Marekani, kukulia katika moja ya tano ya mitaa yenye dhiki zaidi, badala ya ile yenye dhiki ndogo zaidi, kulishusha makadirio ya kumaliza sekondari kutoka asilimia 96 hadi 76. Pengo la pointi 20 nzima za asilimia!

Uzito hauoni kisichopimwa, kama ari ya mzazi. Tena familia za aina fulani zikiwa adimu mtaani, uzito wachache hufumuka na kuburuta matokeo yote. Ndiyo maana hukatwa kwenye pasentaili ya 1 na ya 99 (uzito unaopita mipaka hiyo hupewa thamani ya mpaka), kwa gharama ya kupotosha makadirio kidogo. Uzito uliosawazishwa (uliopunguzwa makali ili wastani wake uwe karibu na 1) ukiwa na wastani ulio mbali na 1, rudia modeli ya kukadiria uwezekano. Hata hivyo, kasoro ya kisichopimwa hutajwa wazi, na uchambuzi wa unyeti huonyesha ingehitaji kuwa kubwa kiasi gani ili kufuta matokeo. Kosa la kudhibiti kipato hupita kimyakimya, likiitwa uangalifu.